Mgeni Katika Trei ya Jego

Nyinyi mnaofunga vyombo vya upasuaji siku hizi, mnaoingia kazini na simu mkononi na vyeti ukutani, nitegeeni sikio kidogo kabla chai haijapoa. Mashine zenu sizijui, na zile nilizozijua mimi pengine zimeshayeyushwa zikawa masufuria. Lakini tangu nistaafu nimekuwa mtu wa kusinzia barazani, na kila nikisinzia najikuta nimerudi kwenye kile chumba chetu cha mvuke. Basi afadhali niyaseme nikiwa macho.

Hospitali yetu ilikuwa ndogo, upande wa bahari wa barabara kuu, ukitoka Diani kabla hujafika Msambweni. Msiitafute, imeshabadilishwa jina na matumizi. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya thieta ya upasuaji, na kati yetu na thieta palikuwa na kidirisha tu cha kupitishia vyombo. Vichafu viliingia kwa mlango wa nyuma, safi vikatoka kidirishani. Kati ya mlango na kidirisha tulikuwa sisi na Jiko. Jiko ndilo jina tulilolipa lile pipa kubwa la chuma la kuchemshia vyombo kwa mvuke. Lilikuwa likikoroma mchana kutwa, na mtu akilizoea halali tena vizuri mahali penye kimya. Mpaka leo birika la mke wangu likianza kuimba, mkono wangu unakwenda wenyewe kutafuta glavu.

Mamangu alipoulizwa na majirani mwanawe Hamisi anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko thieta," akanyamaza hapo hapo. Matokeo yake watu wa Munje, kijijini kwetu, wakawa wananiletea majipu niyatumbue. Mjomba mmoja alinivuta pembeni katikati ya harusi ili anionyeshe ngiri yake. Nilipomwambia kwamba mimi ni mwosha vyombo alinitazama kwa huruma, akafunga shuka lake, akarudi kwenye pilau.

Lakini kuosha vyombo kuna elimu yake. Uchafu wa koleo hauko mdomoni, uko kiunoni, pale linapokunjikia. Mwenye haraka husugua mdomo ukang'aa akadhani amemaliza. Wewe lifungue kwanza mpaka mwisho, usugue kiuno, kisha ulifunge karibu na sikio. Koleo zima husema neno moja. Likisema mawili, liweke kando. Na sisi tulio karibu na bahari tuna adui wa ziada, upepo wa chumvi, unaoingia hata palipozibwa. Kausha chombo leo, usiseme nitakausha kesho. Trei nayo usiitoe Jikoni ukaikimbiza rafuni ingali na jasho, maana jasho la kitambaa ndiyo njia ya vijidudu.

Hayo yote nilifundishwa na Bi Mwanatumu, mkuu wa chumba chetu. Alikuwa mwanamke wa Kidigo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, akinukia asmini na dawa ya sakafu. Hakuwa mtu wa kukemea. Ukikosea alikuita jina lako mara moja tu, kisha akakaa kimya mpaka ulitafute kosa mwenyewe. Nilimpenda na nikamwogopa, na sikuona tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili.

Bi Mwanatumu alikuwa na lake moja. Chombo cha watu hakirudi kitupu. Waliotoka bara huenda hawalijui hili, lakini kwetu jirani akikuletea chakula kwa bakuli lake, huwezi kumrudishia bakuli peke yake. Utatia maandazi mawili, au ndimu, au hata kiganja cha sukari ukikosa kabisa. Kurudisha kitupu ni kumwambia mtu kwamba nyumbani kwako hamna kitu, wala huoni umuhimu wake.

Sasa sikilizeni jinsi adabu hiyo ilivyoingia kwenye kazi. Huko Jego, karibu na Vanga, palikuwa na zahanati ambayo mganga wake aliitwa Mzee Bakari. Hakuwa na vyombo vya kutosha, kwa hiyo kila Jumatano tulimwazima kwa gari trei moja ya kushonea na kuzalishia, irudi Ijumaa. Mzee Bakari alikuwa muungwana wa Kivumba, mtu wa kofia safi, na hakuwahi kurudisha trei yetu tupu. Mara ndimu, zimefungwa vizuri pamoja na makasi. Mara korosho. Siku moja lilikuja yai, nalo lilifika zima baada ya barabara yote ile, jambo ambalo gari lenyewe halikuweza kila safari. Bi Mwanatumu alizitoa zawadi, akasema "Ahsante, Bakari" kana kwamba yumo chumbani, kisha tukaosha vyombo.

Ndimu zilipokosa msimu, Mzee Bakari akaanza kutia koleo. Alikuwa na makoleo machache ya zamani kabatini kwake, akaona afadhali kutupa kitu cha kutufaa kazini. Bi Mwanatumu hakuyarudisha, maana zawadi hairudishwi. Aliyaosha, akayakagua, akayaacha humo humo kwenye trei yaliyokuja nayo. Chombo cha namna hiyo tulikiita mgeni. Trei ikipita kidirishani alisema tu, "Waliomo kamili, na mgeni mmoja." Wauguzi wa zamani walielewa kwamba watahesabu idadi iliyo kwenye kadi ya trei, kisha waongeze mmoja. Mgeni hakuandikwa kwenye kadi. Nani huandika wageni wake?

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka Mutua alipokuja na kompyuta.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya zile mvua kubwa zilizokula barabara ya Lungalunga. Madaktari fulani wageni waliokuwa wakitutembelea walitaka kujaribu jambo jipya. Makoleo na makasi yetu yalipelekwa Nairobi, yakarudi kila moja limechorwa kiunoni alama ya vinukta, ndogo kuliko punje ya mchele. Pamoja nayo akaja Mutua, fundi kijana wa Kikamba, mpole, mwenye shati la mikono mirefu hata wakati wa kaskazi. Alikuwa na kifaa cha kushika mkononi, kina waya unaokwenda kwenye kompyuta. Ukikipitisha juu ya vinukta kinalia *tii*, na kwenye kioo linatokea jina la chombo, kilioshwa lini, kimekwenda trei gani, kimetumika kwa nani. Kile kisichosomwa hubaki chekundu.

Bi Mwanatumu alikitazama kile kifaa kikipekua kila chombo, akakipa jina hapo hapo. Mdaku. Na kweli kilikuwa mdaku. Kilijua mkasi ulilala wapi jana.

Mwanzoni Mdaku alitutesa. Maji yetu ni ya kisima cha mawe ya matumbawe, na huacha ukoko mweupe. Vinukta vikajaa ukoko, Mdaku akawa kipofu. Mutua alikaa juu ya ndoo, shati limemganda mgongoni, akasema, "Hii nayo itanirudisha kwetu na aibu." Kisha akaziona ndimu za Mzee Bakari dirishani. Akakata moja, akasugua kiuno cha koleo, akasuuza haraka, akapitisha Mdaku. *Tii*. Alituambia mama yake huko Machakos huondoa ukoko wa birika kwa njia hiyo. Tangu siku hiyo Bi Mwanatumu akamwita mwanangu, na ndimu za Jego zikawa dawa rasmi ya kompyuta.

Wageni, hata hivyo, walimshinda Mutua. Hawakuwa na vinukta, na chombo cha kuchorea kilikuwa Nairobi.

"Hii haiko kwa kompyuta, Bi," alisema akishika koleo la Mzee Bakari.

"Nasi hatumjui, mwanangu. Lakini mgeni hatolewi nje kwa sababu jina lake halimo kwenye mashine yako."

"Basi tumweke kando, asichanganyike na wengine."

"Umtenge? Ale peke yake?" Bi Mwanatumu akacheka kwa sauti yake ya chini. "Mwache. Adabu haimdhuru mtu."

Nimelikumbuka neno hilo miaka yote hii.

Basi siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, mchana, baada ya swala. Nyinyi mnaijua Ijumaa ya kaskazi. Hewa imesimama, makuti hayatikisiki, na hata kuku wamelala. Trei ya Jego ilikuwa imefika asubuhi na mgeni wake ndani, koleo kuukuu lenye uzi mweusi alioufunga Mzee Bakari kwenye pete ya kushikia. Tukaiosha, Mdaku akasoma wenyeji wote, tukaichemsha, ikapoa rafuni. Trei kubwa ya thieta ilikuwa bado ndani ya Jiko, nalo likikoroma. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wenye joto, nusu naota.

Akaletwa Mejumaa wa Munje. Namfahamu tangu utoto. Mumewe, Rashidi, alikuwa fundi wa kuezeka makuti kwenye hoteli za Diani. Ilikuwa mimba ya kwanza, uchungu umekwama, mtoto amechoka. Daktari Mwadime alisema apasuliwe sasa hivi. Trei kubwa haikuwa tayari, kwa hiyo Bi Mwanatumu akaipitisha ile ya Jego kidirishani, akasema maneno yake yale yale, "Waliomo kamili, na mgeni mmoja." Aliyeipokea alikuwa Sista Kerubo, muuguzi hodari kutoka Kisii, ambaye hakuwa na muda mrefu kwetu. Akajibu kitu kwa haraka, kidirisha kikafungwa. Hapakuwa na nafasi ya kuhesabu vyombo mwanzo. Walitegemea kadi.

Tulimsikia mtoto akilia, nasi tukasema alhamdulillahi, hata Mutua. Alikuwa msichana. Baadaye kidogo sauti ya Sista ilitufikia kupitia ukutani, "Vyombo vimetimia," na Daktari akashona. Mejumaa akapelekwa wodini, Rashidi akaitwa kumwadhinia mtoto sikioni.

Trei ikarudi kwetu. Nikasugua, nikasuuza, nikapitisha Mdaku kimoja kimoja. *Tii, tii, tii*, sauti ya kumlaza mtu. Nilipomaliza, mstari mmoja kwenye kioo ulibaki mwekundu. Koleo moja la kubana mshipa. Nikarudia. Mwekundu.

Mutua akapekua sinki, akafungua bomba la chini. Mimi nikakunjua mashuka yote ya thieta, moja baada ya jingine, na nakumbuka jinsi yalivyokuwa mazito, na jinsi nilivyokuwa nikikunjua polepole kwa sababu sikutaka kufika la mwisho. Tukatazama ndoo, tukatazama kapu la takataka. Hakuna.

"Sista ameshasema vimetimia," alisema Bi Mwanatumu akikunja vitambaa. "Mdaku wako leo ana njaa, Mutua. Mpe ndimu."

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Sista Kerubo mwenyewe, amechoka, kofia ya thieta mkononi. Akatazama huku na huku.

"Na yule mgeni wangu ako wapi?"

"Mgeni gani?" akauliza Bi Mwanatumu.

"Si uliniambia kuna mgeni amekuja kuniona? Nikakwambia angoje, niko na mgonjwa."

Jiko lilikuwa limezimwa. Bi Mwanatumu aliweka chini kitambaa, akaenda kwenye sinki, akaokota lile koleo kuukuu lenye uzi mweusi, akalinyanyua mbele ya macho ya Sista.

"Mgeni wako ni huyu," akasema. "Umemhesabu?"

Sista alikuwa amemhesabu. Angejuaje? Alihesabu vyuma vilivyokuwa mezani, idadi ikalingana na kadi, akaridhika kama ambavyo ningeridhika mimi. Mgeni alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwenyeji, na mwenyeji hayupo. Sote wanne tulijua alipo. Nikamwona Mejumaa akiwa mtoto, akikimbiza kaa ufukweni Munje.

Mutua ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Mashine inaweza kukosea, Bi."

"Inaweza," alijibu Bi Mwanatumu. "Leo haikukosea." Akavua aproni, akatoka.

Mimi nilimfuata kwa kuwa sikuweza kubaki. Daktari Mwadime alimsikiliza akiwa amesimama. Eksirei yetu ilikuwa imekufa tangu zile mvua, na kumpakia mzazi aliyeshonwa punde kwenye gari, kwa barabara ile, kulikuwa hatari ya pili juu ya ya kwanza. Kumfungua tena nako kulikuwa hatari, tena kwa neno la mashine ya majaribio. Daktari alijipangusa uso. "Mumewe lazima aambiwe," akasema. "Nitamwambia."

"Niache mimi," akasema Bi Mwanatumu.

Rashidi alikuwa kwenye benchi la nje, chupa ya chai kando, anatabasamu peke yake. Alisimama alipotuona. "Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Naye akakaa karibu naye. "Tunaogopa kwamba tumesahau chombo ndani ya mkeo. Daktari anataka kumfungua tena."

Rashidi akauliza, "Mna hakika?"

"Hatuna hakika. Tuna hofu. Kikiwemo na tukakiacha, atakufa. Na kama hakimo, tutakuwa tumemuumiza bure, nawe utakuwa na haki ya kutulaani."

Rashidi alikaza kifuniko cha chupa ya chai kwa mikono iliyojaa makovu ya makuti. "Yeye ana mtoto wa kunyonyesha," akasema, kana kwamba hatujui. Kisha akasema, "Fanyeni. Mungu awasimamie."

Safari hii trei kubwa ilikuwa tayari, na Sista Kerubo alihesabu kwa sauti mbele yetu kabla hajafunga kidirisha. Tukangoja. Mutua alishika tasbihi ya Bi Mwanatumu bila kujua ameipata wapi, naye ni Mkristo wa kanisa kila Jumapili. Bi Mwanatumu alikuwa amekaa juu ya ndoo, amelifumbata lile koleo la mgeni kifuani. Mimi nilikuwa nikiutazama mwanga wa jioni ukitambaa kwenye vigae, na nikawa naona kwamba ukifika ukutani kabla kidirisha hakijafunguka, basi Mejumaa haponi. Ujinga, lakini ndivyo akili inavyokwenda.

Kidirisha kikafunguka. Sista alisukuma kibakuli cha chuma, machozi yanamtiririka. Ndani yake mlikuwa na koleo.

Nililiosha. Nilisugua kiuno chake. Nikachukua Mdaku, Mutua akanishikia koleo. *Tii*. Ule mstari ukageuka kijani. Katika maisha yangu sijapenda sauti kuliko ile, na sikuona haya kulia.

"Ahsante, Mdaku," alisema Bi Mwanatumu, na hakuwa akitania.

Mejumaa aliugua kwa homa, tukawa tunaulizia wodini kila tukipata nafasi. Bi Mwanatumu alimpikia uji wa pilipili manga, ule wa wazazi, akampelekea katika bakuli lake la bati jeupe lenye ua jekundu. Mwishowe homa ilishuka, Mejumaa akaruhusiwa, na katika pilikapilika za kufungasha bakuli likaenda naye Munje.

Jumatano iliyofuata Bi Mwanatumu alipanda gari la Jego nami nikabeba kikapu. Alimrudishia Mzee Bakari makoleo yake yote, yameng'arishwa, na juu yake mkate wa kumimina, akamwomba kuanzia hapo trei irudi bila kitu cha ziada ndani. Mzee wa watu aliumia. Kofia ilimwinama.

"Mwanatumu, nirudishe chombo cha watu kitupu? Watu watasemaje?"

"Watasema mtoto wa Mejumaa ana mama," akamjibu.

Mzee Bakari aliomba aelezwe tena, na mara ya pili alikaa chini. Tangu hapo, kila tulipokabidhi trei, anayetoa alisema, "Kirudi kitupu," na anayepokea akajibu, "Kitupu, inshallah." Ndimu aliendelea kutuletea, ila mkononi, kwenye mfuko wake. Mutua alikaa nasi mpaka mradi ulipokwisha pesa, kompyuta ikachukuliwa, tukarudi kwenye kadi. Yale maneno tulibaki nayo. Nasikia pwani hii bado wako wanaoyasema bila kujua yalikotoka, na sasa nyinyi mmejua.

Mejumaa alikuja siku moja mchana, wakati wa mvuke mwingi, hata nilidhani naota. Alisimama kwenye mlango wa nyuma, mtoto mgongoni kwenye leso, anahema kidogo kwa kutembea. Mikononi alikuwa na lile bakuli, limefunikwa kawa.

"Hodi, Bi. Nimeleta chombo chako."

Bi Mwanatumu alipangusa mikono, akalipokea, akalifunua. Ndani hamkuwa na kitu. Hapakuwa na andazi wala ndimu, wala hata chembe ya sukari. Nikainamisha uso, maana nilimwonea haya Mejumaa.

"Nimelirudisha tupu," Mejumaa akasema. "Nimeambiwa kwamba katika chumba hiki, hiyo ndiyo heshima yenu."

Bi Mwanatumu alilipeleka bakuli kwenye mwanga wa kidirisha. Akaliinamisha, akapitisha kidole ukingoni mpaka chini, taratibu, kama alivyotufundisha kukagua. Machozi yalikuwa yakimwanguka humo ndani, naye akayafuta kwa pembe ya kanga, akakagua tena.

"Limetimia," akasema. Kisha akanyoosha mikono apewe mtoto.